Gari Linalia: Tulisikilize Kabla ya Kulifungua

Mwenye baiskeli anajua. Ukisikia "ka, ka, ka" kila unapokanyaga pedeli, na ukiacha kukanyaga sauti inakoma, huhangaiki na gurudumu la mbele. Unajua ni kotapini, au pedeli yenyewe, au cheni. Lakini kama umeacha kukanyaga, baiskeli inateremka yenyewe na bado inalia "kriii, kriii", basi gololi za gurudumu zimekauka grisi. Hakuna mwalimu aliyekufundisha hayo. Umejifunza njiani, kwa kusikiliza, toka shambani mpaka nyumbani.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba vyuma vyake vimejificha chini, na ukikosea unalipa sana. Sisi tulikosea. Ndiyo sababu tunaandika habari hii.

GARI LETU

Kikundi chetu cha wakulima wa tumbaku na warina asali kina Land Rover ya zamani, ile ndefu inayoitwa 109. Namba hiyo ni inchi toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Ni ya toleo la tatu, lililotengenezwa Uingereza toka mwaka 1971 mpaka 1985. Kwa hiyo gari letu ni mzee kuliko dereva wake. Linabeba mitumba ya tumbaku, madumu ya asali na mifuko ya mbolea. Na linabeba wagonjwa, maana hakuna mtu anayechagua siku ya kuugua.

Mwezi wa Januari mwaka 2023, mvua zikiwa zimekolea, gari lilianza kutetemeka. Mpaka kilomita 40 kwa saa lilikuwa kimya. Likifika 50, sakafu yote inavuma, vioo vinacheza, nyayo za miguu zinawasha. Ukipunguza mwendo, linatulia.

Tulilipeleka kwa fundi mmoja. Akalizungusha kidogo, akashuka, akasema: "Gia boksi imekwisha." Basi, nani atabishana na fundi? Gia boksi ikashushwa. Beringi mbili zikabadilishwa. Tulilipa fedha ya mitumba mitano ya tumbaku, na tumbaku ya mwaka ule haikuwa nzuri. Siku ya kulijaribu tulipanda wanne, kila mtu ametoa sikio. Kilomita 40, kimya. Kilomita 50, mtetemo ule ule!

Tuseme kweli, fundi yule hakutuibia. Zile beringi za zamani alituonyesha, na kweli zilikuwa zimechoka. Lakini si zilizokuwa zinatikisa gari. Mtu anaweza kuwa na jino bovu, na bado kinachompa homa kikawa malaria.

Hatukuwa na fedha tena. Tukasema, basi, tutakwenda polepole. Wiki tatu baadaye, saa tano usiku, mama mmoja wa kijiji chetu alishikwa na uchungu akiwa anatoka damu. Toka kwetu mpaka hospitali ya Kitete, Tabora mjini, ni kama kilomita 70, na nusu yake ni lami nzuri. Kwenye lami ile mtu angekwenda 70 au 80. Dereva wetu hakuthubutu kupita 40. Kila akijaribu, sakafu inavuma, na yule mama amelala juu ya sakafu hiyo hiyo. Tulitumia karibu saa mbili. Alipona, na mtoto alipona. Sisi tuliokaa nyuma tukimshika mikono hatukusema kitu njia nzima.

MASWALI CHINI YA MWEMBE

Kesho yake, kabla ya kurudi kijijini, tulipita Ng'ambo. Huko yuko mzee mmoja mwenye gereji ndogo chini ya mwembe. Tulimwamkia, tukamweleza: "Fundi, gari linatetemeka." Hakugusa spana. Aliuliza tu.

"Likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta, linatetemeka?"

Tukatazamana.

"Ukibadilisha gia lakini mwendo ukabaki ule ule, mtetemo unahama?"

Kimya.

"Ukiachia mafuta je? Ukikata kona? Lilianza tarehe gani, na siku hiyo mlikuwa mmelifanya nini?"

Mwe! Wanne wazima, hakuna mwenye jibu. Mzee akacheka. "Wanangu, mimi sipigi ramli. Nendeni mkasikilize, mwandike, halafu mniletee."

Mwekahazina wetu ni mama aliyejifunza kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima. Hatembei bila daftari. Alipanda mbele, dereva akashika usukani, tukaelekea barabara ya Kipalapala. Tuliyoyaona siku ile ndiyo haya.

NGUVU INAVYOPITA

Kwanza tuelewe njia yenyewe. Nguvu ya injini haifiki kwenye tairi kwa mkupuo. Inapitishwa kama ndoo za maji mkono kwa mkono wakati wa kuzima moto. Injini inaipa klachi. Klachi inaipa gia boksi. Gia boksi inaipa gia boksi ndogo iliyo nyuma yake, na hiyo ndogo inaigawa: nyuma, na ukitaka, mbele pia. Toka hapo nguvu inasafiri ndani ya bomba refu la chuma linalozunguka. Hilo ndilo propela. Propela inaingia kwenye difu, lile tumbo la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili. Difu inageuza nguvu na kuipeleka kushoto na kulia mpaka kwenye matairi.

Kila kituo katika njia hii kinaweza kulia. Kazi ni kujua nani analia. Na siri ni kwamba hawazunguki kwa mwendo mmoja. Injini ina mwendo wake, propela ina wake, tairi lina lake. Ukijua mlio unafuata mwendo wa nani, umemkamata.

JARIBIO LA KWANZA: GARI LIMESIMAMA

Tulisimama pale pale, gia haimo, yaani fri. Dereva akakanyaga mafuta polepole mpaka injini ikapiga kelele. Je, ule mtetemo wetu upo? Haukuwepo. Kama ungekuwepo, tungeangalia injini yenyewe, feni, raba zinazoshika injini, au bomba la moshi linalogusa fremu. Bomba la moshi linadanganya watu wengi. Linagusa chuma kidogo tu, na gari zima linavuma kama ngoma.

Bado tumesimama, dereva akakanyaga klachi, akaiachia, akakanyaga tena. Hili ni jaribio dogo lakini lina faida. Kama kuna mlio gari likiwa fri, na ukikanyaga klachi unakoma, basi uko ndani ya gia boksi, mara nyingi kwenye beringi ya mbele. Ikiwa kinyume chake, yaani kimya, halafu ukikanyaga klachi unasikia "shrrr", hiyo ni beringi ya klachi. Kwetu hapakuwa na mlio wowote hapo.

Mama mwekahazina akaandika: "Limesimama. Kimya. Klachi kimya."

JARIBIO LA PILI: MWENDO ULE ULE, GIA NYINGINE

Tukaingia barabarani, mahali pamenyooka, hakuna watu wala ng'ombe. Gia ya nne, kilomita 50. Mtetemo ukaja. Dereva akaingiza gia ya tatu, akashika 50 ile ile. Sasa injini inazunguka haraka zaidi, lakini propela na matairi yako pale pale. Mtetemo je? Haukubadilika hata kidogo.

Kumbe! Hapo injini ikaondoka katika orodha ya washitakiwa, na klachi pia.

Kuhusu gia boksi, hapa kuna jambo la kukumbuka. Katika Land Rover hii gia ya nne inapita moja kwa moja ndani ya gia boksi kubwa, haibebeshi mzigo zile gia za pembeni. Kwa hiyo gia boksi iliyochoka kwa kawaida inalia kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu kwenye ya nne inatulia. Letu lilitetemeka kwenye gia zote sawasawa. Laiti tungelijua hilo kabla ya kuuza ile mitumba mitano.

Halafu dereva akatoa gia, akaacha gari litembee lenyewe kwa fri, injini ikiwa bado inawaka. (Hili lifanyike mahali tambarare tu. Usiteremke mlima kwa fri, na usizime injini njiani.) Mtetemo ukaendelea, ukapungua taratibu kadiri mwendo ulivyopungua. Ni kama baiskeli uliyoacha kuikanyaga na bado inalia. Basi wamebaki wawili: magurudumu, au propela pamoja na difu.

HESABU YA FUNDI

Tulirudi kwa mzee na daftari. Akasoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Sasa tupige hesabu," akasema.

Alitupa chaki. Tukachora alama chini ya tairi na alama ardhini, tukasukuma gari mpaka alama ya tairi ikarudi chini. Tukapima kwa kamba toka alama ya kwanza mpaka ya pili. Karibu mita mbili na nusu. Hiyo ni safari ya tairi katika mzunguko mmoja.

Gari likienda kilomita 60 kwa saa, linakwenda kilomita moja kila dakika, yaani mita 1,000. Gawanya mita 1,000 kwa mita mbili na nusu. Unapata 400. Tairi linazunguka mara 400 kwa dakika, karibu mara saba kwa sekunde moja.

Propela je? Difu ya Land Rover hizi imepangwa hivi: propela inazunguka mara 4 na sehemu 7 za kumi ili tairi lizunguke mara moja tu. Zidisha 400 kwa 4.7. Unapata 1,880 kwa dakika. Ni kama mara 31 kwa sekunde.

Sasa mapigo saba kwa sekunde ni kitu ambacho mwili unakihisi kimoja kimoja. Kiti kinaruka ruka, usukani unatikisika mikononi. Lakini mapigo 31 kwa sekunde huwezi kuyahesabu. Yameungana yakawa mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Mzee akauliza: "La kwenu linaruka au linavuma?"

Wote tukajibu kwa pamoja: "Linavuma!"

"Basi tairi halina kosa," akasema. "Lakini tuhakikishe kwa njia ya bure."

Njia ya bure ni maji. Kwenye barabara zetu za mbuga, udongo mweusi unaganda ndani ya rimu na juu ya propela. Ukikauka unakuwa mzito kama tofali, tena upande mmoja. Gari linatetemeka, mwenyewe anakimbilia gereji. Tuliosha rimu zote kwa ndani, tukakwangua propela. Tukajaza upepo sawasawa. Tukabadilishana matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Tukajaribu tena. Mvumo ule ule, mahali pale pale. Sawa, tumeosha gari angalau.

CHINI YA GARI

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, maana hapa watu wamekufa.

Katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya gia boksi ndogo, inashika propela ya nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani linaweza kuzunguka huru, na lililo chini nalo likazunguka, hata kama umevuta breki ya mkono. Gari linatoka kwenye jeki, na mtu yuko chini. Ukitoa propela ya nyuma ni vivyo hivyo: breki ya mkono haishiki tena magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo weka gari mahali tambarare, weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi, zima injini, ondoa ufunguo na ukae nao mfukoni. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Mzee alifanya hivyo vyote. Kisha akaweka fri, akaachia breki ya mkono ili propela iwe huru, akaingia chini na kutuita tuone.

Kila mwisho wa propela kuna krosi. Ni msalaba mdogo wa chuma wenye vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe mna vijiti vyembamba vya beringi kama sindano. Krosi inaruhusu propela kupinda huku inazunguka, maana difu inapanda na kushuka na spring, na gia boksi imekaa juu. Shika propela kwa mkono mmoja, na upande wa pili wa krosi kwa mkono mwingine. Zungusha huku na huku, kinyume. Kisha sukuma juu na chini. Ukisikia inacheza hata kidogo, krosi imekwisha. Wazee wetu waliobeba mizigo ya misafara toka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo walijua hilo: mzigo uliofungwa vibaya haukuchoshi kwa uzito wake, unakuchosha kwa kucheza.

Angalia pia vikombe vyenyewe. Vikizungukwa na vumbi jekundu, inawezekana ni kutu inayotoka ndani, ishara kwamba grisi imekwisha. Lakini huku kwetu vumbi la barabara nalo ni jekundu. Basi futa kwa kitambaa, tembeza gari siku mbili mahali pasipo vumbi jingi, angalia tena. Vumbi likiwa limerudi pale kwenye vikombe tu, hiyo ni kutu.

Krosi zetu hazikuwa na mchezo. Bolti nne za kila upande zilikuwa zimekaza. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akaonyesha kwa bisibisi katikati ya propela. Hapo bomba limekatika vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno marefu, ili propela iweze kurefuka na kufupika.

"Nani aliichomoa hii?" akauliza.

TAREHE 14 JANUARI

Hatukukumbuka. Lakini mama mwekahazina alifungua daftari lake la matumizi kurasa za nyuma. Ameandika: "14 Januari 2023. Sili ya difu." Na chini yake, siku tatu baadaye, kwa mwandiko wake mkubwa: "Dereva anasema gari linatikisika."

Basi mambo yakawa wazi. Sili ya mbele ya difu ilikuwa inavuja oili. Ili kuibadilisha lazima ufungue propela. Propela ilipofunguliwa, vipande viwili vilichomoka kwenye meno. Aliyevirudisha alivirudisha kwa kubahatisha.

Kwa nini jambo dogo hivyo linatikisa gari zima? Ni hivi. Krosi ikizunguka huku imepinda, upande wa pili hauendi mwendo mmoja. Katika kila mzunguko unaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya mwisho mwingine imewekwa ili iondoe kosa hilo: ya kwanza ikiharakisha, ya pili inachelewesha. Ni kama kina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja anainua, mwingine anashusha, na kazi inakwenda. Wakipotezana, michi inagongana. Vipande vya propela vikirudishwa vibaya, krosi mbili zinagombana, na gari linatetemeka bila kuwa na chuma chochote kibovu!

Mzee alifungua propela, akailaza chini mahali palipo sawa. Masikio ya krosi ya upande mmoja yalilala chini, ya upande wa pili yalisimama mshazari. Yanatakiwa yalale pamoja. Alifuta grisi, tukaona alama mbili zilizopigwa kiwandani, moja kwenye kila kipande, za kuelekezana. Akazielekeza, akarudisha, akaweka nati mpya za kujikaza, maana zile ukishazifungua hazishiki tena vizuri. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya nati hizo. Alidai fedha ya kazi ya nusu siku.

Akatuambia jambo moja tuliandike. Magari mengine yametengenezwa kwa makusudi krosi zisilingane. Kwa hiyo usibahatishe hata kwa kulinganisha. Kabla ya kufungua propela ya gari lolote, piga alama yako mwenyewe kwa rangi au tindo kwenye vipande vyote.

Tulipanda. Kilomita 40, 50, 60. Dereva hakusema neno. Kwenye 70 akaanza kucheka peke yake.

MILIO MINGINE

Yetu ilikuwa hiyo. Ya kwako inaweza kuwa nyingine, basi tutaje kidogo zile ambazo mzee alitueleza wakati tunakunywa chai.

Gari linalopiga "ko!" mara moja unapoachia klachi, na "ko!" tena ukiachia mafuta, lina ulegevu mahali fulani: krosi, meno ya propela, bolti zilizolegea, au difu. Anza na bolti, hazina gharama. Usidharau kishindo hicho. Propela ya nyuma ikikatika upande wa mbele inaanguka na kuchimba barabara kama mkuki, gari likiwa kwenye mwendo.

Difu iliyochoka inaimba "wiii". Ukikanyaga mafuta inaimba sauti moja, ukiachia inabadilisha au inanyamaza. Kabla ya kuihukumu, fungua kizibo cha kutilia oili, ingiza kidole. Oili inatakiwa ifike pale kizibo kinapokaa. Kumbuka gia boksi, gia boksi ndogo na difu mbili kila moja ina oili yake. Kujaza moja hakusaidii nyingine. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine mlipovuka mto. Ukiona unga mwembamba wa kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande vya chuma, simamisha gari.

Beringi ya gurudumu inanguruma mfululizo, na inabadilika kwenye kona. Ukikata kona ya kushoto, uzito unaegemea magurudumu ya kulia. Ngurumo ikizidi hapo, tafuta kulia. Ikizidi kwenye kona ya kulia, tafuta kushoto. Tairi lenyewe nalo linaweza kunguruma kwenye lami, lakini ukiingia kwenye mchanga linanyamaza, wakati beringi hainyamazi.

Magari madogo ya siku hizi, kama Probox nyingi, yanavutwa na magurudumu ya mbele na hayana propela. Hayo sikiliza kwenye kona kali: "ka-ka-ka-ka" ukiwa umekata usukani wote ni jointi ya nje ya shafti ya mbele. Angalia raba yake. Ikichanika, grisi inatoka na mchanga unaingia.

Na ikitokea difu ya nyuma ya Land Rover ya zamani imeharibika porini, mbali na mji? Kama hafu shafti za nyuma bado zinazunguka bila kukwama, toa propela ya nyuma, ingiza gia ya magurudumu manne, na utarudi polepole ukivutwa na magurudumu ya mbele. Hakikisha tu umekumbuka habari ya breki ya mkono.

Hapa Tabora reli ilifika mwaka 1912, na wazee wengi wamefanya kazi stesheni. Zamani katika reli kulikuwa na mtu mwenye kazi ya kupita kando ya treni na nyundo ndefu, anagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mshahara wake wote ulikuwa wa masikio.

DAFTARI SASA

Siku hizi ndani ya gari letu mna daftari limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha mbele, na kalamu. Dereva akisikia kitu anasimama kwanza, ndipo anaandika: tarehe, mwendo, gia, barabara ya aina gani, gari limebeba nini, na kama mlio unabadilika akikanyaga mafuta, akiachia, au akikata kona. Mwandiko wake si mzuri, lakini unasomeka.

Jana tulilifungua. Ukurasa wa mwisho umeandikwa: "Ngurumo ndogo. Kilomita 45. Gia zote. Lami na mchanga. Kona ya kushoto inazidi, kona ya kulia inapungua. Nadhani ni mbele." Jumamosi tutaweka magogo, tutainua gurudumu la mbele la kulia, na tutalizungusha kwa mkono.